Hoja ya Wachache

Wengi wape, walisema wahenga. Na waliosema hivyo hawakudai kuwa wengi ndio wenye haki. Methali yenyewe yatoa sababu yake: wasipopewa, watatwaa wenyewe. Basi yanena juu ya nguvu, wala haineni juu ya ukweli, na mtu aichukuaye kuwa hukumu ya barazani ameisikia nusu. Hapo ndipo linapozaliwa swali la hoja ya upinzani. Mjumbe asimamaye kutoa hoja, ilhali amekwisha kuzihesabu kura akajua kuwa itaanguka, je, hutimiza wajibu au hupoteza wakati wa watu?

Mwaka 2013 swali hili liliingia Bukoba kwa sura isiyotazamiwa. Mgogoro juu ya miradi ya manispaa, miongoni mwayo ujenzi wa soko na upimaji wa viwanja, uliwafanya baadhi ya madiwani wa Chama cha Mapinduzi waungane na wenzao wa upinzani kutaka Meya, aliyekuwa wa chama chao wenyewe, apigiwe kura ya kutokuwa na imani. Vikao vikakwama. Mwezi wa Agosti chama mkoani Kagera kikawavua uanachama madiwani 8. Kwa kuwa diwani aliyevuliwa uanachama hupoteza na kiti chake, adhabu ya nyumba moja ilielekea kuwa adhabu ya kata nzima. Kamati Kuu ya chama haikuiridhia hukumu ile. Mwezi wa Januari 2014, baada ya ukaguzi maalumu wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Meya alitangaza kujiuzulu.

Nani alikosa, hilo na waliamue wengine. Zito zaidi ni hili: kiti cha diwani ni mali ya nani? Chama husema kuwa jina lake ndilo lililomwinua mtu huyo. Neno hilo si la kupuuzwa, maana abiria wa mtumbwi hana ruhusa ya kuutoboa pale alipoketi kwa hoja kwamba pale ni pake. Lakini waliomchagua ni watu wa kata, wenye kadi na wasio na kadi. Na mwenye kuona maji yakiingia mtumbwini akapiga kelele hakuutoboa yeye.

Tena wako wasio na kura kabisa. Mwanamke wa Kagoma, wilayani Muleba, apelekaye mikungu yake ya ndizi Bukoba, hana diwani katika manispaa ile. Soko likihamishwa riziki yake huhama, wala hapana mkono utakaoinuliwa kwa niaba yake. Hifadhi yake ni kwamba mtu fulani, hata akiwa peke yake, aliseme jambo barazani na neno lake liandikwe.

Wapendao kuisifu hoja ya upinzani hutaja Zanzibar. Tarehe 29 Januari 2010, Abubakar Khamis Bakary, kiongozi wa upinzani katika Baraza la Wawakilishi, aliwasilisha hoja ya serikali ya umoja wa kitaifa, na baraza lenye wingi wa wapinzani wake likaipitisha. Tarehe 31 Julai wananchi wakaiunga mkono serikali hiyo kwa asilimia 66.4 katika kura ya maoni. Mfano huu ni mzuri, ila una ufa: Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikuwa wamekwisha kukutana Novemba 2009, na njia ilikuwa imefyekwa. Hoja haikuwageuza wengi kwa nguvu ya maneno. Ilifanya kazi nyingine: iliyatoa mapatano ya wakubwa wawili faraghani, ikayaweka mahali ambapo kila mwakilishi aliweza kuyauliza.

Hoja ya Bukoba haikuwa na mapatano ya namna hiyo nyuma yake. Na nchini Tanzania mtu asiyedhaminiwa na chama hawezi hata leo kugombea udiwani. Hivyo atakayemsemea mwanamke wa Kagoma lazima kwanza aombe ruhusa ya kuketi kutoka kwa wale ambao huenda kesho akalazimika kuwapinga.