Mkubwa Ataulizwa Nini?

Yuko asemaye kuwa mkubwa wa askari hana lawama kwa kisa cha Kisumu, kwani si yeye aliyeshika rungu. Mtoto wa miezi sita alipigwa nyumbani kwao usiku, Agosti 2017, akafa baada ya siku chache. Mahakama ilipochunguza, aliyempiga hakujulikana. Basi, enyi ndugu, ni nani apasaye kujua ni askari gani waliopelekwa mtaa ule, kama si aliyewapeleka? Februari 2019 hakimu akawatia lawamani wakubwa watano, nami naona ni haki. Cheo ni amana. Akipokeaye amekubali kuulizwa hata kwa pigo asilopiga, sembuse akinyamaza. Lakini mashitaka hayakuidhinishwa mpaka Oktoba 2022. Mtoto yule angekwisha anza skuli.