MAREHEMU WA JIRANI NAO WANA HAKI

Bismillahi Rahmani Rahim.



Ijumaa hii tuzungumze juu ya amana nzito: kuwatolea ushahidi waliouawa vitani. Kila mwezi wa Agosti, Kivu yetu ya Kusini ina vilio vitatu. Tarehe 2 ni kumbukumbu ya vita vilivyoanza 1998. Tangu 2023 serikali ya Kinshasa huiadhimisha rasmi kwa jina la Genocost. Tarehe 13 ndugu zetu Banyamulenge hukumbuka Gatumba, nchini Burundi, ambako mwaka 2004 wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa kambini usiku mmoja. Tarehe 24 watu wa Mwenga hukumbuka Kasika, ambako mwaka 1998 mamia ya raia waliuawa pamoja na Mwami wao. Mwezi mmoja, jimbo moja, vilio vitatu. Ni nani kati yetu amewahi kulia katika viwili?

Je, kuwakumbuka wafu wako peke yao ni dhambi? Hapana. Kumlilia ndugu ni haki yako. Dhambi huingia pale unaposema kwamba wafu wa jirani ni uongo, au walistahili, au ni wachache mno hata wasihesabiwe. Hapo umeacha kulia, umekuwa shahidi. Na shahidi anayeficha nusu ya aliyoyajua amedhulumu.

Chukueni mwaka 1996 peke yake. Septemba, Banyamulenge waliuawa kule Fizi. Tarehe 6 Oktoba, wagonjwa na wauguzi waliuawa katika hospitali ya Lemera. Tarehe 29 Oktoba, Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa hapa Bukavu. Kisha wakimbizi wa Kihutu kutoka Rwanda wakauawa kambini na njiani walipokuwa wakikimbia. Haya yote ni ya mwaka mmoja. Lakini msikilizeni msimulizi: huanzia pale watu wake walipouawa, na hunyamaza kabla watu wake hawajaua.

Tarehe 1 Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti yenye matukio 617, tangu Machi 1993 mpaka Juni 2003. Ndani yake mna makosa ya majeshi na makundi mengi. Serikali ya Rwanda iliikataa. Sisi nasi tunaoishika mkononi tukidai haki, wengi wetu tunasoma kurasa za adui tu. Penye jina la watu wetu tunafunua upesi.

Ndugu zangu, baada ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, Khalid bin Walid alitumwa kwa Bani Jadhima. Watu wale walijisalimisha, lakini wakauawa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliinua mikono mbele ya Mola wake akajitenga na kitendo kile, kisha akamtuma Ali kwenda kulipa diya ya waliouawa na mali zilizoharibiwa. Khalid alikuwa jemadari wake mwenyewe, na vita vilikuwa havijaisha. Mtume hakusema tunyamaze, maadui watafurahi. Kukiri dhulma ya jeshi lake hakukumdhoofisha.

Atasema mtu: “Sheikh, ukihesabu wafu wa kila upande, wakosaji wakubwa watajificha nyuma ya wadogo.” Hofu hiyo ina msingi. Wapo wanaotaja maiti wa upande mwingine ili tu kuuzima mdomo wako. Lakini kuhesabu wote si kusema makosa yote ni sawa. Kasika ina wauaji wake: ripoti ile imewataja askari wa Rwanda na wa RCD. Gatumba ina wake: kundi la FNL la Burundi lilijitangaza lenyewe. Kila tukio lina mahali, tarehe na mtendaji. Anayejificha ni yule asiyetajwa. Na anayedhulumiwa mara ya pili ni mtoto anayeitwa muuaji kwa sababu ya kabila lake, hali nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine.

Jambo hili si la zamani tu. Februari 2025 mji wetu uliingia mikononi mwa AFC/M23. Tarehe 27 mwezi ule milipuko iliua watu kwenye mkutano wa hadhara, hapa hapa mjini. Siku ile ile kila upande uliulaumu mwingine. Maiti hawajazikwa, wameshagawiwa kambi!

Basi tufanye nini? Kwanza, mzazi anapomsimulia mwanawe vita, ataje na marehemu wa jirani. Pili, tuseme “kikosi fulani kiliua,” tusiseme “wale watu waliua.” Tatu, usieneze habari ya mauaji usiyoijua, hata ikiwafaa watu wako. Nne, jirani akiwa na kilio chake cha Agosti, nenda ukakae naye. Huendi kujibu hoja, unakwenda kutoa pole.

Mahakama za dunia zimechelewa, na huenda zikachelewa zaidi. Lakini ulimi wako hauhitaji kungoja mahakama ili useme kweli.

Ewe Mola, warehemu waliodhulumiwa, na utujaalie tuwe mashahidi waadilifu, hata dhidi ya nafsi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.