Nani Nyumbu Hapa?

Mtu asiyefikiri tunamwita nyumbu. Kwenye siasa, kwenye mpira, tusi ni hilohilo. Nami nililitumia sana mpaka Agosti 2019, mjomba wangu, dereva wa watalii, aliponichukua nikamsaidie mizigo hadi Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, kwenye Mto Mara.

Tulikuta magari mawili tu. Nyumbu walikuwa wamejaa ukingoni, wanasukumana. Wa mbele anachungulia maji, anarudi. Mara redio ikakoroma: "Wanataka kuvuka!" Kufumba na kufumbua, vumbi limetanda, magari yamepita thelathini, kila dereva kafuata vumbi la mwenzake. Wageni wakapanda juu ya viti, kamera mbele. (Na msiseme Wazungu tu, hata wetu walikuwemo.)

Nikacheka: kumbe makundi ni mawili! Mjomba hakucheka.

"Mpwa wangu, nyumbu anafuata majani. Mvua ikihama naye anahama. Hawa wanafuata nini?"

Swali hilo bado linanikaba. Nyumbu zaidi ya milioni 1 wanazaa kule kusini, Ndutu, mnamo Februari, kisha wanapanda hadi Mara. Asiyehama anakufa njaa. Utafiti uliochapishwa 2017 ulikadiria kwamba kwa wastani 6,250 huzama kila mwaka katika mto huo upande wa Kenya, na mizoga yao inalisha samaki, mamba na tai. Hata wakifa, kuna anayeshiba. Sasa mtalii akikosa ile picha, anapungukiwa nini? Kambini chakula cha jioni kinamngoja.

Ila nami nisijifanye mtazamaji. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye bakshishi za mjomba. Mgeni akiona nyumbu wakivuka, mkono unafunguka; asipoona, mjomba anaambulia asante. Kwa hiyo hapo ukingoni, mwenye njaa hasa alikuwa nani? Wageni walikuwa wameshiba. Sisi tulikuwa kama wale tai, tumetua pembeni tunangoja.

Gari moja likasogea mpaka kwenye njia ya kuteremkia majini. La pili likafuata. Nyumbu wa mbele akasita. Mgeni wetu akamgusa mjomba begani, akaonyesha kidole: mbele zaidi. Mjomba alinitazama kwenye kioo. Ningeweza kusema, "Mjomba, tubaki hapahapa." Sikusema.

Akasogea. Kundi lote likageuka, likarudi nyikani mbio, ndama wanalia.

Picha zilipatikana, za vumbi. Jioni mjomba akanihesabia sehemu yangu. Nikapokea kwa mikono miwili.