Mwezi Usio na Mwenyewe

Mwaka wa wanaofuata mwezi mwandamo una siku 354 hivi. Mwaka wa jua una siku 365 na robo. Baina ya miaka hiyo miwili hubaki siku 11, na kila umma umelijibu kwa namna yake swali la nani mwenye siku hizo. Sisi Waislamu tumeziacha zijiendee. Katika Sura ya Tawba, aya ya 36 na ya 37, idadi ya miezi imewekwa kuwa 12, minne kati yake ikiwa mitukufu, na ile hila ya Waarabu wa kale ya kuuahirisha mwezi mtukufu ikakatazwa. Ndiyo maana Ramadhani yetu huzunguka, mara ikatukuta katika masika, mara katika kaskazi kavu. Mababu wa pwani, waliohitaji kulima na kutweka tanga, waliiweka kando Nairuzi, mwaka wa siku 365 uliohesabiwa kwa miongo, na Makunduchi wangali wanaukoga hadi leo. Mpwani basi alikuwa na hesabu mbili, moja ya ibada na moja ya upepo, wala hakuona dhiki.

Wahindu walitaka hesabu zote mbili zikae katika nyumba moja. Miezi yao huandama kama yetu, lakini sikukuu zao zisiachane na majira. Kwa hiyo siku zile za mabaki hukusanywa, na kila baada ya miezi 32 hivi, yaani mara 7 katika miaka 19, huzaliwa mwezi wa 13. Huitwa adhika, wa ziada. Kanuni yake ni nzuri hata kwa sikio la nahodha: mwezi ambao jua halikuingia katika buruji mpya hauna jina la peke yake, huazima jina la mwezi unaoufuatia. Na kwa kuwa kila mwezi una mungu wake wa kuulinda, huu uliozaliwa kwa makombo haukuwa na mlinzi. Ukaitwa mala, mchafu.

Nilikutana nao kabla ya kujua lolote katika hayo. Ilikuwa mwaka 1985, Old Korogwe, nami nina miaka 13. Marehemu baba alikuwa kibarua wa mkonge, na jina lake lilikuwa ndani ya daftari la duka moja la Baniani, kama yalivyokuwa majina ya nusu ya majirani zetu. (Ile methali ya Baniani na kiatu chake niliijua kabla ya kujua kusoma; wadeni ndio watunzi wa methali nyingi.) Mwezi ulipoandama Julai sisi tukaanza kuhesabu Mfungo pili, na dukani daftari likafungwa. Mama wa mwenye duka, ajuza tuliyemwita Bi Mkubwa, alimkataza mwanawe kumdai mtu. Sukari wakati huo ilikuwa adimu, lakini siku moja alikaanga kwa samli vikate vya unga na sukari guru, akavihesabu mbele yangu, 33, akavigawa mlangoni kwa kila aliyepita. Nilimwuliza, "Bi Mkubwa, leo kuna sikukuu gani?" Akacheka. "Hakuna sikukuu, mwanangu. Mwezi huu hauna sikukuu hata moja."

Ulipoandama mwezi mwingine, katikati ya Agosti, daftari lilifunguliwa, na baba akaitwa dukani mbele za watu. Aliporudi alisema neno moja tu: "Huruma yao ina tarehe."

Neno lile lilinikaa miaka mingi nami nikaliona kuwa ndiyo hukumu ya mwisho juu ya miezi mitukufu, ya kwao na ya kwetu. Wema uliopangiwa mwezi, nilijiambia, ni karadha ya siku 30. Hata sisi tunawajua waliofunga midomo Ramadhani na kuifungua Mfungo mosi kwa matusi yale yale. Ikiwa tendo ni jema, ni jema siku zote. Wakati hauongezi kitu juu yake, kama vile chombo cha fedha hakiongezi utamu wa maji.

Hoja hiyo ni safi, na mtu aliyejifundisha peke yake kama mimi hupenda hoja safi. Iliponivunjikia si vitabuni. Mimi na kaka yangu tulikosana kwa ajili ya shamba la mama, tukanuniana miaka minane. Sikumchukia. Nilikuwa nimenuia kumwendea, na kwa kuwa siku zote ni sawa, kila siku iliweza kuiachia kesho yake. Hatimaye nikaona bora nilishike jambo kwa Ramadhani, mwezi ambao hata mtu mwenye kiburi huwa na kisingizio cha kuomba radhi. Kaka yangu alifariki Mfungo tano.

Hapo nikajikuta nimeshitakiwa na pande zote mbili. Kusema kwamba nyakati zote ni sawa kuliniachia mlango wazi ambao sikuupita. Kuungoja wakati mtukufu kukanipa ruhusa ya kukaa miezi mingine yote nje ya mlango huo. Mwenye daftari yule, angalau, kwa mwezi mmoja alilifunga. Mimi sikulifunga hata siku moja, na kaka yangu hakuwa na deni langu.

Ni baada ya hapo niliporudi katika kisa cha mwezi wa Bi Mkubwa na kukisoma kwa makini. Wahindu husimulia kwamba mwezi ule usiotakiwa, ambao ndani yake haikufungwa ndoa wala kuingiwa nyumba mpya, ulikwenda ukilia mbele ya Vishnu, naye akaupeleka kwa Krishna. Haukuoshwa, wala haukuambiwa kwamba si mchafu. Ulipewa jina la Mola wake mwenyewe, Purushottama, na tangu hapo saumu, sadaka na usomaji wa maandiko ndani yake huhesabiwa kuwa na thawabu kupita miezi yote. Miezi mingine mitukufu ina sababu: hapa pameteremka neno, pale pamezaliwa mtukufu, pale adui ameshindwa. Huu hauna kilichotokea ndani yake. Umefanywa kwa saa zilizobaki, zile ambazo hesabu ilizitupa, na utukufu wake wote ni kwamba ulipokelewa.

Sisemi nasi tuongeze mwezi. Aya iko wazi na mimi si mtu wa kuchezea aya. Wala sikifumbii macho kisa chenyewe. Hadi leo, pamoja na jina lake kubwa, ndoa hazifungwi katika mwezi huo. Umeheshimiwa kama yatima anayesifiwa na mtaa mzima wala hapewi mke. Na daftari lilifunguliwa, hilo halifutiki. Lakini naamini sasa kwamba baba alimwona mwana tu, hakumwona mama. Ajuza yule hakuwa akitenda wema kwa sababu mwezi ni mkubwa. Aliutendea wema mwezi wenyewe, kama mtu anayempisha mgeni asiye na kwao.

Siku za eda za mjane wa kaka yangu zilipokwisha tulikuwa Mfungo tisa, mwezi ambao sijui mtu anayeungojea. Nilipanda basi hadi Korogwe, nikavuka kwenda upande wa zamani, nikabisha hodi nikiwa na karatasi za shamba mkononi. Ilikuwa Jumanne, mchana. Alifungua mlango, akanitazama kwa hofu ya mtu anayetarajia habari ya msiba mwingine.

"Shemeji, kuna nini leo?"

"Hakuna kitu, shemeji," nikasema. "Nimekuja tu."