MAFUTA YA MSAMVU NA MAFUTA YA MSAMARIA
(Soma Luka 10:25–37)



Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, hapa Morogoro. Watu wakakimbilia na madumu kuchota petroli. Ghafla, moto! Zaidi ya watu 100 walikufa. Rais Magufuli akatangaza siku tatu za maombolezo.

Nilisikia watu wakisema, "Waliyataka wenyewe!" Na mimi, mhubiri, nikaitikia kwa kichwa. Usiku nilipofungua Biblia, Neno likanichoma. Je, aliyeumia kwa kosa lake anastahili huruma?

Hebu utazame ule mfano. Yule kuhani yuko wapi leo? Usimtafute Yerusalemu, yumo moyoni mwako! Ndiye anayesema, "Mimi nawahi ibada." Mlawi naye yumo: anaona, halafu huyoo, anapita. Hata barabara ile ya Yeriko imo ndani yako. Inateremka, kama njia ya kutoka Uluguru kuja mjini. Kuteremka ni rahisi, lakini wanyang'anyi wanakungoja humo.

Na yule aliyelala nusu mfu ni nani? Ni wewe. Ni mimi. Dhambi ilitupiga, na wengi tuliifuata kwa miguu yetu wenyewe, dumu mkononi! Yesu ndiye Msamaria wetu. Hakutuuliza, "Ulifuata nini huko?" Aliinama akafunga majeraha.

Ndugu yangu, sisemi wizi si dhambi. Wizi ni dhambi, tuwafundishe watoto wetu. Lakini jeraha hufungwa kwanza.

Kuna mafuta ya aina mbili. Ya Msamvu yaliunguza, ya Msamaria yaliponya. Ulimi wako umebeba yapi? Ukimwambia mfiwa, "Mwanao alijitakia," umemwaga petroli. Ukikaa naye msibani, ukamtekea maji, umemwaga mafuta ya Msamaria.

Kila asubuhi usome habari hii, ujiulize: leo mimi ni nani njiani? Ukijikuta kuhani, tubu. Ukikumbuka kwamba ulilala pale chini ukaokotwa, huruma itaanza kububujika yenyewe.

Omba nami sasa: "Bwana Yesu, nilikuwa nusu mfu, wewe hukunipita. Nisamehe kwa kuwapita wengine. Ondoa petroli ulimini mwangu, unipe mafuta yako. Amina."

Kama umeomba kwa imani, usikae na kijikaratasi hiki. Mpelekee yule uliyemhukumu, na ukae naye kidogo.