Kizibo cha Mti

Mwaka 1935 serikali ya Marekani iliwaamuru wawindaji wa bata na ndege wengine wahamao wafanye jambo ambalo kwa mtu wa mjini kama mimi linachekesha kidogo. Wengi wao walikuwa na bunduki za kubeba risasi tano. Wakaambiwa: zizibeni kwa ndani, zisibebe zaidi ya tatu. Na dawa yenyewe ni kijiti! Unafungua bomba la risasi lililo chini ya mtutu, unapenyeza kipande cha mti, unafunga. Mashine ya kutisha inapunguzwa nguvu na kitu ambacho seremala angekifagia.

Hebu tuitazame kwanza bunduki mashuhuri kuliko zote za aina hiyo, maana bila yake kijiti hakieleweki. Iliitwa Auto-5. Aliyeibuni ni John Moses Browning wa Ogden, Utah, mwaka 1898, akapata hataza mwaka 1900. Ni bunduki ya marisau inayojipakia yenyewe. Kabla yake mwindaji alikuwa na mitutu miwili, au bunduki ya kuvuta kwa mkono kila baada ya mlio. Browning alilichukua teke la bunduki, lile lililokuwa likiishia begani kwa mtu kama maumivu, akalipa kazi. Ukifyatua, mtutu na komeo vinarudi nyuma pamoja vikiwa vimeshikana. Vikifika mwisho, komeo linanaswa, mtutu unarudi mbele peke yake, ganda tupu linarushwa nje. Kisha komeo linaachiwa na kuingiza risasi mpya. Yote haya kabla hujapepesa macho. Wewe kazi yako ni kidole tu.

Winchester walikuwa wamezoea kununua michoro ya Browning kwa malipo ya mkupuo. Mara hii akataka mrabaha, afaidi kwa kila bunduki itakayouzwa. Wakagoma. (Nyie mliowahi kuambiwa "chukua hizi, mswada uache hapa" mnaijua hiyo lugha.) Akaenda Remington, mkuu wao, Marcellus Hartley, akafariki ghafla Januari 1902 kabla hawajazungumza. Basi Browning akapanda meli hadi Ubelgiji, kwa kiwanda cha FN kilichoko Herstal. Kufikia 1903 bunduki zilikuwa zinauzwa, na ziliendelea kutengenezwa hadi 1998.

Kelele hazikuchelewa. Jimbo la Pennsylvania lilizipiga marufuku katika uwindaji mwaka 1907. William Hornaday, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya New York, alizishambulia kwa ukali katika kitabu chake cha mwaka 1913 kuhusu wanyamapori wanaotoweka. Kwake yeye bunduki ya namna hii haikuwa ya mwindaji bali ya mchinjaji.

Ila hapa pana jambo linalonikera. Njiwa wahamaji wa Marekani, waliokuwa mabilioni, waliangamizwa kabla Auto-5 haijaingia sokoni. Wa mwisho kabisa, Martha, alifia kizimbani Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914, lakini porini walikuwa wamekwisha zamani. Kilichowamaliza ni nyavu, bunduki za kawaida, misitu kufyekwa, simu za maandishi zilizotangaza makundi yametua wapi, na reli iliyopeleka mizoga mjini. Kwa hiyo anayesema bunduki ndiyo mwovu, amwambie Martha.

Basi tumuachie huru fundi na chombo chake, tumlaumu mkono? Ndivyo wanavyosema wengi: kijiti hakina maana, mwovu atakichomoa na mwema hakihitaji. Mimi sikubali, bwana. Nani huyo mwema asiyehitaji? Mtu akiwa nyumbani usiku, ametulia, ni mwingine kabisa na yule wa alfajiri, kundi linaporuka mbele yake na damu inachemka. Kijiti anakiweka yule wa usiku, kumfunga mikono yule wa alfajiri. Sheria yenyewe inalijua hilo: inataka kizibo kiwe kipande kimoja kisichoweza kutoka bila kuifungua bunduki.

Utasema wema wa kufungwa mikono si wema. Labda. Lakini bata hana habari na nia yako; yeye anajua marisau tu.

Swali gumu zaidi ni hili. Mtu anaweza kupiga tatu, akajaza, akapiga tatu tena, mchana kutwa. Kinachopunguza idadi hasa ni kiwango cha ndege unaoruhusiwa kwa siku, si kijiti. Basi kijiti kinafanya nini? Nadhani kinampa mtu muda. Ukisimama kujaza, unaona kilichoanguka, na kilichoanguka bila kufa. Risasi ya nne na ya tano hupigwa na kidole kabla jicho halijapata nafasi.

Nilikuwa nimeridhika na hoja hiyo mpaka nikafika mwaka 1999. Bata bukini weupe walikuwa wamezidi mno, wanakula na kuchimbua mimea ya nyanda za Aktiki mpaka ardhi inabaki tope. Serikali ile ile ikafungua msimu maalumu na kuruhusu vizibo vitolewe. Kwa ndege hawa, piga tano.

Unaona utata wake? Ikiwa kijiti kilikuwa cha haki, cha kumpa ndege nafasi, bata bukini amekosa nini zaidi ya kuzaana? Na ikiwa kilikuwa hesabu tu, basi tuache kukiita uungwana. Wataalamu wana hoja yao, nami siibezi. Tope ni tope, na vifaranga wanakufa njaa humo. Lakini namfikiria mwindaji asubuhi ya kwanza ya msimu ule, anafungua bomba, kijiti alichokizoea kinamtelezea mkononi. Anakitia mfukoni. Msimu ukiisha itabidi akirudishe, na huko vinamasini hakuna wa kumkagua.