Je, Mwenye Hofu Aikatae Kazi ya Shule?

Kila mwaka, mwezi wa Septemba, shule za Kongo zifunguapo milango yake, wazazi huitwa mkutanoni. Mkuu wa shule hueleza habari za mwaka mpya, kisha huja saa ya kuchagua komite ya wazazi. Hapo wengi hutazama chini. Jina moja hutajwa, watu hupiga makofi, na shauri limekwisha.

Tuseme mama mmoja, mwuza unga sokoni, mwenye watoto wanne, amechaguliwa hivyo awe mtunza fedha wa komite katika shule ya sekondari. Hatalipwa kitu. Aliitika kwa sauti ndogo, akarudi nyumbani, na tangu usiku ule usingizi umempotea. Akilala, huhesabu fedha ambazo hajazipokea bado. Akiamka, huona macho ya wazazi wote yakimwelekea, na kusikia sauti ikiuliza: «Mama, fedha zetu ziko wapi?»

Basi, ndugu msomaji, twataka kuuliza swali moja. Hofu ya mama huyu ni alama kwamba hafai, na kwa hiyo yampasa kuirudisha kazi? Au ni udhaifu wa kuonea haya, na kwa hiyo yampasa kuikanyaga bila kuisikiliza?

Majibu haya mawili husikika kila siku. La kwanza hulisema mwenye hofu mwenyewe. La pili husemwa na rafiki zake. Sisi twaona kwamba yote mawili yamepungukiwa. Hofu ni kama shahidi aliyefika barazani huku akitetemeka. Wazee wenye hekima hawamfukuzi shahidi wa namna hiyo, wala hawakati shauri kwa maneno yake peke yake. Humkalisha, humwuliza neno kwa neno, mpaka wajue ni lipi aliloliona kweli na ni lipi alilolidhani tu.

1. Kazi hii si ndogo

Kwanza tusimwambie mama huyu kwamba anaogopa kitu cha bure. Tukumbuke mambo yalivyokuwa katika nchi hii. Mwaka wa 1974 serikali ilizitwaa shule zilizokuwa mikononi mwa makanisa. Mwaka wa 1977 ilipatana na makanisa hayo, ikayarudishia uongozi wa shule, nayo serikali ikabaki na wajibu wa kuwalipa waalimu. Lakini katika miaka ya 1990 mishahara ile ilipoteza thamani, au haikufika kabisa. Waalimu waligoma, madarasa yakafungwa. Ndipo wazazi walipoanza kuchanga fedha zao wenyewe, ili mwalimu apate kula na mtoto apate kusoma. Katiba ya mwaka wa 2006 ilisema kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali yawe bila malipo, na neno hilo lilianza kutekelezwa mwezi wa Septemba mwaka wa 2019. Hata hivyo agizo hilo lilihusu shule za msingi. Wazazi wa wanafunzi wa sekondari waliendelea kutoa.

Kwa hiyo fedha atakazozitunza mama huyu zina historia. Zimetoka katika unga uliopimwa kwa kopo, katika samaki waliokaushwa, katika matofali yaliyochomwa. Zikipotea, mwalimu atakosa haki yake na mtoto wa mtu atarudishwa nyumbani. Mwenye kuogopa mbele ya kazi kama hiyo ameona sawasawa.

2. Kuogopa si kosa

Aristotle, mwenye hekima wa Ugiriki aliyefariki mwaka wa 322 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba shujaa si mtu asiyeogopa kitu. Mtu asiyeogopa hata tetemeko la nchi wala mawimbi ya bahari, alisema, ni kama mwenye wazimu au asiye na hisi. Shujaa huogopa yanayostahili kuogopwa, kwa kiasi kinachostahili, kisha hutenda lililo jema.

Nao mwili una desturi yake. Mtu akutanapo na chui njiani, moyo hupiga mbio, jasho hutoka, kinywa hukauka. Maana mwili wajiweka tayari kukimbia au kupigana. Asimamapo mbele ya mkutano wa watu, mwili hufanya yale yale, kana kwamba mkutano nao una makucha. Kutetemeka huko hakuthibitishi kwamba mtu hafai. Kwathibitisha tu kwamba yeye ni mtu.

Tena twathubutu kusema zaidi. Mwenye kushika mali ya wengine bila hofu yoyote, huyo ndiye wa kuogopwa. Mbona mwizi hakosi usingizi kwa ajili ya fedha za watu? Kwa sababu moyoni mwake zimekwisha kuwa zake. Mama huyu hapati usingizi kwa kuwa ajua kwamba si zake. Hofu yake, kabla ya kuwa taabu, ni namna ya uaminifu.

3. Maswali ya kumwuliza shahidi

Lakini uaminifu usiotengenezwa huweza kumwua mwenyewe. Kwa hiyo na tumwulize shahidi huyu: «Waogopa nini hasa?» Kwa kawaida majibu yake ni matatu, nayo kila moja lina dawa yake.

Jibu la kwanza: «Naogopa kukosea hesabu, nikawadhuru watu.» Hii ni sauti ya dhamiri, na dawa yake ni utaratibu. Usiibembeleze kwa maneno matamu. Ipe kitabu na kalamu. Kila fedha ipokelewayo iandikwe siku ile ile, na atoaye apewe risiti. Fedha zihesabiwe mbele ya watu wawili. Pasitolewe kitu bila sahihi mbili. Kila baada ya miezi mitatu hesabu isomwe mbele ya wazazi wote, hata kama hakuna aliyeidai. Mambo haya hayataki elimu kubwa, yataka uvumilivu. Na kila ukurasa ulioandikwa vema waondoa sehemu ya hofu, maana mashaka mengi ya usiku hutoka katika mambo ambayo mchana hayakuandikwa.

Jibu la pili: «Naogopa watakayosema watu.» Hapa shahidi amebadili usemi wake. Hasemi tena habari za fedha, asema habari za jina lake. Epiktetus, aliyezaliwa mtumwa katika karne ya kwanza na baadaye akawa mwalimu mashuhuri, alitoa mfano wa mpiga kinubi. Awapo peke yake huimba bila taabu. Aingiapo mbele ya watu hutetemeka, ijapokuwa sauti yake ni nzuri na kinubi chake ni kile kile. Kwa nini? Kwa sababu hataki kuimba vema tu; ataka pia kusifiwa, na sifa haimo katika uwezo wake. Ndivyo ilivyo kwa mtunza fedha. Kuandika hesabu ya kweli kumo katika uwezo wake. Kuvifunga vinywa vya watu wote hakumo.

Mtu atatupinga akisema: «Maneno hayo ni mepesi kwa mwandishi. Kwetu watu wema wameitwa wezi bila kosa, na jina likiharibika halifuliwi kama nguo.» Ni kweli, wala hatulifichi. Kitabu safi hakizuii kila uwongo. Lakini tutazame upande wa pili. Kama kila mwaminifu akikataa kwa kuogopa kusingiziwa, nani atabaki wa kuzishika fedha za watoto? Watabaki wale wasioogopa kusemwa kwa sababu wamekwisha kuzoea. Hivyo hofu ya watu wema yawafungulia mlango watu wabaya. Yule mama hawezi kuahidiwa kwamba hatasingiziwa kamwe. Aweza kuahidiwa jambo moja tu: kwamba siku ya kuulizwa atakuwa na kitu cha kuonyesha, na dhamiri yake haitasimama upande wa wanaomshitaki.

Jibu la tatu: «Naogopa kwamba mzigo wanizidi.» Neno hili lapimwa kwa mizani, si kwa machozi. Siku ina saa ngapi? Soko lataka ngapi, watoto wataka ngapi, shule yataka ngapi? Twajua sote habari za Musa katika kitabu cha Kutoka. Aliketi tangu asubuhi hata jioni akiamua mashauri ya taifa zima, peke yake. Mkwewe Yetro alipoona hayo hakumsifu. Alimwambia kwamba atajichosha yeye na watu pia. Akampa shauri la kuchagua watu hodari, wachukiao rushwa, wawe wakubwa wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, nao waamue yaliyo madogo. Musa hakuiacha kazi, wala hakuibeba yote. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kazi ya kujitolea ni zawadi, na kila zawadi ina kipimo. Mwenye kuwapa wengine saa zilizo haki ya watoto wake ametoa kisicho chake. Kwa hiyo si uvivu mtunza fedha kusema: «Nitapokea fedha siku mbili za juma, si kila siku. Nataka msaidizi wa kuandika risiti. Nitatumika mwaka mmoja, kisha tutazame tena.» Maneno hayo yasemwe mapema na waziwazi, kabla uchovu haujageuka kuwa chuki.

4. Ni lini yafaa kukataa?

Kuna kukataa kwema na kukataa kubaya. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka wa 1274, alionyesha makosa mawili yanayoelekeana. Moja ni kujitapa, yaani kushika kazi ipitayo uwezo wetu. La pili ni udogo wa moyo, yaani kukataa kazi iliyo sawa na uwezo wetu, kama yule mtumishi aliyeificha talanta ya bwana wake ardhini. Tena aliongeza jambo la kushangaza: udogo wa moyo waweza kuzaliwa na kiburi. Namna gani? Mtu hung'ang'ania maoni yake mwenyewe kwamba hawezi, ijapokuwa kwa kweli aweza.

Hapo mama yetu ana jambo la kufikiri. Wazazi waliomchagua wamemwona sokoni miaka mingi. Wajua kwamba kipimo chake cha unga hakidanganyi, na kwamba deni lake hulilipa. Yeye asema: «Siwezi.» Wao wasema: «Mama, sisi tumekuona.» Kwa nini hofu ya usiku mmoja iaminiwe kuliko macho ya miaka kumi?

Lakini ikiwa kweli hana nafasi, au nyumbani ana mgonjwa wa kumwuguza, au wenzake wa komite wanakataa vitabu kufunguliwa, basi akatae bila kuona haya. Na ikiwa usingizi umekosekana majuma mengi, chakula hakipiti, moyo unamwenda mbio hata siku za mapumziko, ajue kwamba huenda ni ugonjwa, nao una matibabu. Aende kwa mganga wa hospitali, kama vile angekwenda kwa ajili ya homa.

Mtu asiye katika hali hizo, naye akataa kwa hofu tu, na asikie neno moja walilolithibitisha wanaotibu magonjwa ya mashaka. Tukilikimbia tuliogopalo, leo twapata nafuu, na kesho hofu huwa kubwa zaidi. Tukilikaribia kidogo kidogo, hofu hupungua. Kusoma hesabu mbele ya komite ya watu watano kwamfundisha mtu kuisoma mbele ya mkutano mzima.

5. Wajibu wa waliopiga makofi

Hatuwezi kumaliza bila kuwageukia wale wengine. Wahenga walisema: «Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.» Kwa macho ya mtazamaji kila mzigo ni mwepesi. Ninyi wazazi mliomchagua mama huyu, mkarudi nyumbani mkiwa na furaha kwamba si ninyi, sehemu ya hofu yake yatoka kwenu. Aogopa kwa kuwa ajua kwamba siku ya kazi atakuwa peke yake, na siku ya kulaumu mtakuwa wengi.

Basi lipeni kwa wakati, msimfanye abishe hodi milangoni kama mwombaji. Hesabu isomwapo, njoni mkaisikie. Mkiwa na shaka, mwulizeni mbele ya wote, wala msiinong'one kando ya barabara. Na mwaka ukiisha, mwambieni ahsante, kisha mwingine aupokee mzigo. Jumuiya inayomtwika mtu mmoja miaka yote, eti kwa sababu ni mwaminifu, yaadhibu uaminifu.

Nawe mama, uliyechaguliwa, usingoje mpaka hofu iishe ndipo uanze. Ipe kazi: ikukumbushe kuandika, ikukumbushe kuhesabu mara ya pili, ikukumbushe kuomba msaada. Ikisema yaliyo kweli, isikilize. Ikianza kusema habari za sifa yako tu, iambie imekwisha kusikiwa. Kisha funga kitabu, zima taa, ulale. Fedha zimo sandukuni, ufunguo wa pili u kwa mwenzako, na kesho kuna unga wa kupima.